Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Miti ya Kihambani, Vibali na Kuaminiana

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimebandikwa mlangoni na Mhazini yupo kujibu maswali, kwa hiyo sitazirudia. Kitalu kiliendelea vizuri, ingawa miche ya parachichi iliisha mapema na baadhi yenu mlinung'unika. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotutoa jasho zaidi: kukaa meza moja na watu tuliozoea kuwakwepa, yaani maafisa wa misitu na wa serikali, kuhusu vibali vya kuvuna miti tuliyoipanda wenyewe.

Kihamba, shamba letu la nyumbani la Wachagga hapa Kilimanjaro, mnajua kinavyopangwa. Juu miti mirefu ya kivuli kama mruka na mringaringa, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilikitambua kilimo hiki cha kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, tukafurahi. Lakini sifa hiyo haimsaidii mwanachama aliyepanda mgrevilea, mti wa mbao, kwa mkono wake, halafu siku ya kuupasua hajui aanzie kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa misitu wa halmashauri au kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Asiyejua huukata usiku, au hapandi tena mwingine. Yote mawili mmeyaona.

Maafisa nao wana hofu yao, na si ya kubuni. Mbao ikishapakiwa kwenye fuso haijulikani imetoka kihambani au msituni. Msitu ulio juu yetu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na kuna ule ukanda wa nusu maili ambako mama zetu walizoea kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni. Yaliyopita kati ya wananchi na walinzi wa msitu hayajasahaulika upande wowote. Ndiyo maana kikao cha kwanza kiliharibika: maafisa walitusomea Sheria ya Misitu ya 2002, sisi tukawasomea malalamiko, tukala wali, tukaachana.

Kilichofaa ni kikao cha kihambani. Tuliwaita afisa misitu, mtendaji, wapasua mbao na mwenye gari, wakasimama wote chini ya mgrevilea mmoja. Mwenye mti akauliza, "Huu nimeupanda mwenyewe. Nauuzaje?" Ikabidi kila mtu aseme sehemu yake wenzake wakisikia: barua ya kijiji, ukaguzi, malipo na risiti, hati ya kusafirisha. Mpasua mbao mmoja akataja bila kupepesa macho ni hatua gani huwa anaombwa hela ya soda. Watu wakaangaliana. Afisa akaandika namba yake ya simu nyuma ya fomu, akasema anayeombwa ampigie. Wapo waliompigia, na alipokea.

Kutokana na siku ile tunapendekeza daftari la miti kwa kila kijiji: mti gani, kihamba cha nani, umepandwa lini. Afisa atakuwa na pa kuhakiki, na mkulima atakuwa na ushahidi. Najua wapo wanaoliona kama mlango wa kodi. Siwalaumu, wameshaona mengi, ndiyo maana nakala moja itabaki nyumbani kwa mwanachama.

Kuhusu kina mama: tulipowaalika wakuu wa kaya, walikuja wanaume. Mwaliko ulipoandikwa "mume na mke", maswali yaligeuka. Wao waliuliza kivuli kitafanya nini kwenye maharage, na matawi yatakuwa ya nani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, ila kihamba bado kinarithishwa kwa wana wa kiume. Nasimama na wanaotaka daftari liwe na majina mawili.

Ugomvi wa mgrevilea uliosogezwa mno kwenye mpaka wa masale, mimea tunayoipanda kutenga vihamba, uliisha kwa jani la isale, ambalo kwetu ni ishara ya kuombana msamaha, kabla ya kufika baraza la kata. Serikalini sijaona fomu inayofanya kazi haraka hivyo.

Rasimu ya daftari iko kwenye viti vyenu. Tutaijadili baada ya taarifa ya Mhazini, kisha tutapiga kura kwa kunyoosha mikono.