Shangazi, usiliuze gari kabla halijapimwa

Shangazi, shikamoo.

Nimesikia kwa Mama kwamba umeshaongea na dalali auze ile Toyota Spacio yako. Amesema linachemsha, na kwamba tangu lianze kuchemsha umeshanunua rejeta, feni na mipira yote ya maji, na bado linachemsha. Sasa gereji moja imekwambia injini imekufa, tafuta nyingine ya mtumba. Mimi ni fundi, na jambo hili limeniuma. Naliandika hapa hadharani kwa sababu kina shangazi wenye gari kama lako ni wengi mjini hapa, na wengi wanaambiwa hivyohivyo.

Neno langu kubwa ni moja tu: gari lako halijapimwa. Limebadilishwa vifaa, tena kwa kubahatisha, na kila waliposhindwa kukisia, gharama ilirudi kwako. Gari la 1998 halifi kwa sababu ni la 1998. Injini ya hiyo Spacio ya zamani, 4A-FE, ni miongoni mwa zile ambazo fundi mzoefu anazijua kwa mikono, na spea zake Gerezani bado zipo tele. Kinachoziua ni joto, na maji mabaya yanayoleta hilo joto.

Swali la kwanza ambalo fundi alipaswa kukuuliza ni hili: linachemsha lini? Likichemsha ukiwa kwenye foleni pale Ubungo, halafu likapoa ukishaanza kutembea kuelekea Kibaha, basi tatizo ni upepo. Feni haizunguki, au inachelewa kuwaka kwa sababu swichi yake imekufa, au kondensa ya easii (AC) mbele ya rejeta imejaa vumbi na wadudu. Likitulia kwenye foleni lakini likapanda joto ukiwa kasi, au ukipanda kilima kuja Kimara, hapo maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba, wota pampu imechoka, au themostati, ule mlango mdogo unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, haifunguki. Na kama maji yanapungua lakini chini ya gari hakuna hata tone, ndipo unapoanza kuishuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na hedi, kipande chake cha juu. Hizo ni njia tatu tofauti, kila moja na gharama yake. Wewe umelipishwa ya kwanza na ya pili bila mtu kujua uko kwenye ipi.

Sasa hayo maji. Hapa Dar kuna usemi unanisikitisha: "Kwetu hakuna barafu, kulanti ya nini?" Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta; nyingine ni kuzuia kutu. Bloku ya injini yako ni chuma na hedi yake ni alumini. Ukiweka maji matupu vinaliwa polepole kwa ndani, na kutu ile inakwenda kukaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Maji ya kisima ni mabaya zaidi, na visima vingi vya mji huu vina chumvi. Magari mengi ninayofungua hapa Tabata, ukilegeza kiziba cha chini cha rejeta, maji yanatoka mekundu, na ukichungulia shingoni unaona ukoko mweupe umeshika kuta. Rejeta mpya ukiiunganisha na injini yenye uchafu huo bila kuisafisha, uchafu wote unahamia kwenye rejeta mpya. Nina wasiwasi mkubwa kwamba hilo ndilo lililokupata.

Kuna na kifuniko cha rejeta, kitu kidogo ambacho hakuna anayekitazama. Juu yake kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha kinayoishikilia. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia hadi kama 118. Mpira wake ukikauka, presha inatoka, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye chupa ya akiba, na mwenye gari anaambiwa injini imekufa. Sisemi kwamba kwako ni kifuniko. Nasema kipimwe kwanza, maana kupima kifuniko ni kazi ya dakika chache.

Na themostati usikubali waitoe. Najua watakwambia "Dar joto, haina kazi". Ile inafunguka karibu nyuzi 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Injini isiyo nayo inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi, na oili inachafuka upesi. Kwenye baadhi ya injini za Toyota, ukiitoa, sehemu ya maji inapita njia ya mkato bila kupitia kwenye rejeta, kwa hiyo gari linaweza hata kuzidi kuchemsha.

Ukiona mshale unapanda njiani, zima easii, washa hita na feni yake mpaka mwisho, fungua madirisha, tafuta pembeni usimame, zima injini. Hita inatoa joto la injini ndani ya gari. Utatokwa jasho lakini utaokoa hedi. Usifungue kifuniko, Shangazi, tafadhali. Subiri angalau nusu saa, ukishika juu ya rejeta pasikuunguze, ndipo ufungue kwa kitambaa kinene, taratibu. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, hata wapita njia wakikushauri. Na ujue hili pia: maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kukudanganya, kwa sababu kihisio chake hakimo tena ndani ya maji. Gari likianza kukosa nguvu na kunuka joto huku mshale umetulia katikati, simama.

Kuhusu gasketi, kuna vitu vya kutazama kabla ya kuamini kwamba imeungua. Chomoa dipstiki ya oili. Oili ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha injini ikiwa ya baridi, fungua rejeta, mtu awashe, utazame shingoni: povu likitoka mfululizo bila kukoma, hewa ya moto inavuja kutoka kwenye silinda. Ipo pia dawa ya buluu inayowekwa juu ya shingo ya rejeta. Ikigeuka njano, gesi ya injini imo ndani ya maji. Na hata ikithibitika, gasketi kuungua si kifo cha injini. Hedi inavuliwa, inapimwa kwa rula ya chuma, ikiwa imepinda inasawazishwa kwenye mashine, inarudishwa. Injini ya mtumba usiyojua ilikotoka itakupa wasiwasi mpya juu ya ule ulio nao.

Mengine nitayapitia haraka. Mkanda wa taimingi wa injini hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa namba za dashibodi za magari ya mtumba hatuziamini, kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ndiyo hii. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka karibu 140. Wewe kila Desemba unakwenda Lushoto. Kushuka kutoka kule hadi Mombo kwa breki zenye mafuta ya miaka mingi sitaki hata kufikiria. Badilisha kila miaka miwili. Matairi nayo tazama namba nne za mwisho kwenye ile alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri, ile mikato ya juu ya tairi, haimaanishi tairi ni jipya.

Masika ikija, usifuate daladala kwenye maji ya Jangwani. Daladala liko juu, mdomo wake wa hewa uko juu. Wako uko chini. Injini ikinywa maji, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inaweza kupinda mara moja. Likizimika majini, usipige stata hata mara moja. Lisukumwe, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza.

Ukienda au ukimtuma mtu Gerezani, apeleke kifaa cha zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi iliyo kwenye kibati ndani ya boneti. "Ya Spacio" haitoshi, kwa sababu ya zamani na ile iliyoanza 2001 zina injini tofauti.

Jumamosi nakuja Kimara asubuhi na pampu ya kupimia presha. Naomba usiliwashe tangu usiku wa Ijumaa, nilikute limepoa kabisa, na mtu asiongeze maji, nataka kuona yamepungua kiasi gani. Vifaa vyote walivyovitoa, kama vipo, vitoe nje nivione, hasa ile rejeta ya kwanza. Na dalali mwambie asubiri mpaka Jumatatu.