Namba ya bunduki yako inalingana na iliyo kitabuni? Hakikisha kabla ya kwenda kulipia leseni

Wakati wa kulipia leseni ukikaribia, simu tunazopokea kwenye duka letu la bunduki hapa Arusha huwa zinafanana. Mteja amefika polisi na kitabu chake cha leseni, ada anayo, hana kesi yoyote, lakini ameambiwa arudi siku nyingine kwa sababu silaha yake haionekani kwenye kumbukumbu. Bunduki iko nyumbani, kitabu kina mihuri yote. Haionekani vipi?

Mara nyingi tatizo ni namba. Kwenye rajisi ya polisi, yaani orodha ya silaha zote zilizosajiliwa, silaha hutafutwa kwa aina yake, ukubwa wa risasi na namba iliyogongwa kwenye chuma. Tarakimu moja ikikosewa, hiyo tayari ni bunduki nyingine. Na kosa lenyewe huenda liliandikwa kwa kalamu enzi za sheria ya silaha ya 1991, likanakiliwa kutoka kitabu cha zamani kwenda kitabu kipya, likapita hata kwenye uhakiki wa silaha wa 2016 kwa sababu karani alinakili kitabu badala ya kusoma chuma. Mwenye bunduki hana habari mpaka siku mtu makini anapoweka vyote viwili mezani.

Kinachotusumbua kuliko vyote ni shotgani za zamani. Mtutu wa shotgani una maandishi mengi, na si kila tarakimu ni namba ya silaha. Ukiona 12/70, huo ni ukubwa wa risasi na urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, kwa milimita. Tumeshika kitabu ambacho mahali pa namba pameandikwa 1270, na mwenyewe amekilipia miaka yote bila kuulizwa. Wengine wamenakili namba ya hataza (haki ya ubunifu) ya kiwanda, ambayo imegongwa kwenye kila bunduki ya toleo hilo.

Halafu kuna bunduki za Kirusi aina ya Baikal, za enzi ya Umoja wa Kisovieti. Nyingi zina herufi mbele ya namba, na herufi hiyo ni ya alfabeti ya Kirusi. И ikasomwa N. Р, ambayo kwao ni R, ikaandikwa P. Karani mmoja aliandika alichodhani anakiona, aliyefuata akaiacha herufi kabisa, kwa hiyo bunduki moja ina namba tatu kwenye karatasi tatu. Kwa bunduki kama hiyo, usikubali herufi iandikwe kwa kubahatisha. Piga picha ya karibu, nenda nayo, na omba picha hiyo iwekwe kwenye faili lako.

Namba ya shotgani ya mitutu miwili hutafutwa sehemu tatu: kwenye bodi (chuma cha kati chenye kifyatulio), chini ya mitutu pale inapokalia bodi, na kwenye chuma cha ule ubao wa mbele unaoshikwa kwa mkono. Ili uione ya chini ya mitutu lazima uifungue. Hakikisha kwanza haina risasi, elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, na kama hujazoea, tuletee tukufungulie. Namba zote tatu zikilingana, vizuri. Zisipolingana, huenda mtutu au ubao ulibadilishwa zamani na fundi aliyetoa kipuri kwenye bunduki nyingine. Kipuri hicho kina historia yake, na ni heri uitolee taarifa mwenyewe kuliko igunduliwe njiani.

Namba ikiwa imefifia, tumia kitambaa laini na mafuta ya bunduki kidogo, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kivuli ndicho kinachoonyesha mikato. Tafadhali sana, usipige msasa, usitumie brashi ya waya, na usimpe fundi yeyote aichonge upya "ili isomeke". Itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya nchi za ukanda wetu kuhusu silaha ndogo ambayo Tanzania ilitia saini, inazitaka nchi zifanye kufuta au kubadili alama za silaha kuwa kosa la jinai. Nia yako inaweza kuwa njema kabisa, lakini chuma kilichochongwa upya hakionyeshi nia.

Majina nayo yana usumbufu wake, ingawa hurekebishika kwa urahisi zaidi. Kitabu kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, au kitabu kina jina la ubatizo ambalo hulitumii tena. Hati ya kiapo humaliza mengi ya haya. Andaa mapema, usisubiri wiki ya mwisho.

La mirathi tunalisema kwa uzito, kwa sababu tumeona familia zikiingia matatani bila sababu. Mzee akifariki, leseni yake haihamii kwa mwanawe. Watoto husubiri arobaini ipite, kikao cha ukoo kikae, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na muda wote huo bunduki iko kabatini bila mmiliki anayetambulika. Ipelekeni kituo cha polisi mapema, pamoja na kitabu chake, na mpewe maandishi yenye namba iliyosomwa kwenye bunduki yenyewe. Anayetaka kuirithi ataanza maombi yake mwenyewe kupitia serikali ya mtaa au kijiji. Kuipeleka polisi si kuipoteza, ndiyo njia ya kuilinda.

Wapo wateja wanaoona tunawanyanyasa tunapokataa kutengeneza bunduki au kuuza risasi kwa sababu tarakimu moja haikulingana. Tunawajua, wengine tumewahudumia tangu enzi za baba zao. Lakini kila risasi inayotoka hapa tunaiandika kwenye daftari letu kwa leseni ya mnunuzi, na daftari hilo hukaguliwa. Tukiandika namba tunayojua si sahihi, tunalifanya kosa lako kuwa kubwa zaidi.

Tunachoweza kukufanyia ni kuisoma namba pamoja nawe, kuipiga picha sehemu zote ilipogongwa, na kukuandikia barua ya fundi inayoeleza aina ya silaha, ukubwa wa risasi na tulichokiona kwenye chuma. Marekebisho yenyewe hufanywa na polisi, barua yetu huwasaidia kuona kosa liko wapi. Piga simu kabla ya kuja, njoo na kitabu halisi, kitambulisho cha NIDA na risiti ya malipo ya mwisho. Bunduki isafirishwe bila risasi ndani, ikiwa kwenye mfuko wake, na aje nayo mwenye leseni mwenyewe. Usimtume kijana wa kazi wala dereva.