Wazee wa Vita vya Kagera ongeeni na watoto wenu

Mhariri naomba kanafasi. Kila 25 Julai mashujaa wanakumbukwa, kule Kaboya, Kagera, kwenye makaburi ya askari wa vita hivyo, wanaweka mashada, safi sana, ila majumbani kwetu je?

Mzee wangu alienda vitani 1978 Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera, akarudi baada ya Kampala kutekwa Aprili 1979, na sie watoto tuliozaliwa baadae tulijua sheria mbili tu, ukimwamsha unasimama mlangoni unaita kwa mbali, na lile sanduku la bati uvunguni haliguswi. Shida za sukari na sabuni tuliambiwa ni za vita, tufunge mkanda miezi 18, hiyo ilisemwa wazi. Mengine kimya.

Sasa kwenye msiba wake akatokea dada mtu mzima katoka Masaka, Uganda, paji la uso la mzee kabisa, na mama wala hakushtuka, akamwambia karibu mwanangu. Kumbe alikuwa anajua miaka yote hiyo!

Wazee mliobaki semeni jamani, hata kama ni aibu, kuliko ndugu kujuana kwenye kikao cha mirathi. Na waandishi wenu mhariri wakawarekodi mgambo na wake zao, sio majenerali tu.

Mtoto wa askari,
Morogoro