Ihefu ipewe maji ya kiangazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee ndege wa Ihefu, kile kinamasi kikubwa cha Bonde la Usangu. Bonde la Usangu likitajwa magazetini, habari huwa ni ng'ombe, mipaka ya hifadhi, mpunga, au umeme wa mabwawa ya Mtera na Kidatu. Yote hayo ni mambo mazito, na mimi mwenyewe nalima mpunga huku Mbarali. Majaruba ndiyo yaliyonisomeshea watoto. Lakini ndege hawana diwani wala mbunge, na maji yakipungua wao ndio wanaotangulia kuumia.

Kwa msomaji ambaye hajafika huku, nieleze kidogo. Mito yetu, yaani Ruaha Mkuu yenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo, hushuka kutoka safu za Uporoto na Kipengere, ikakutana na mabanio yetu ya umwagiliaji, yaani vizuizi vya kugeuzia maji yaingie kwenye mifereji, ndipo ikafika tambarare na kuijaza Ihefu. Ndembera nayo huja kutoka upande wa Iringa na kupitia Madibira. Maji yote hayo yana mlango mmoja wa kutokea, pale Ng'iriama, ambapo pana mwamba uliokatiza mto. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya usawa wa ule mwamba, hakuna kinachovuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu mwaka 1993 hali hiyo imekuwa ikijirudia karibu kila kiangazi.

Watafiti waliochunguza kumbukumbu za kuanzia 1958 hadi 2004 walikuta eneo la Ihefu linalobaki na maji wakati wa kiangazi limepungua kutoka kilomita za mraba 160 hadi 93 hivi. Wakakadiria pia kwamba ili mto upate kutoka Ng'iriama na walau mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, kiasi cha kuuweka hai tu, Ihefu inatakiwa kupokea wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde kiangazi chote. Hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya maji yaliyokuwa yakiifikia wakati huo. Kinachobaki katikati hupotea kwa jua na kunyonywa na matete. Wengine husikia hivyo wakasema basi Ihefu inapoteza maji bure. Si bure. Hayo ndiyo maji wanamoishi samaki, vyura na konokono, na ndege wote wanaowategemea.

Mtazame korongo taji, ambaye Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilimweka mwaka 2012 katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga mayai mawili au matatu kwenye majani marefu yaliyosimama ndani ya maji, na maji hayo ndiyo ngome yake dhidi ya mbweha na mbwa. Pakikauka mapema, kiota kinabaki wazi. Sehemu nyingi za Afrika amepungua kwa sababu madimbwi yake yamegeuzwa mashamba na vifaranga wake wanakamatwa wauzwe. Wakulima wenzangu mnamjua: hutembea kwenye nyasi akipiga miguu chini, hatua mbili tatu, kusudi panzi waruke awadake. Ndege huyo anatufanyia kazi.

Kuna na korongo domo-wazi, yule ambaye mdomo wake haufungi katikati, ambaye chakula chake kikuu ni konokono wa majini. Na kuna ndege wahamao wanaokimbia baridi ya Ulaya. Hao hutua kwetu Oktoba na Novemba, wakiwa wamechoka na safari ya maelfu ya kilomita, na hiyo ndiyo miezi ambayo Ihefu iko chini kabisa.

Hatua zimechukuliwa, sikatai. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2008 lililokuwa Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hifadhi ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Watu walihamishwa, mifugo ikaondolewa, na maumivu yake bado yanasikika vijijini hadi leo. Mwaka 2010 ulipita na mto uliendelea kukauka. Askari wa hifadhi anaweza kumzuia jangili na mchungaji, lakini maji yaliyochepushwa kwenye banio huko juu, nje kabisa ya eneo lake, atayazuiaje?

Hapo ndipo penye hoja yangu. Nenda mwezi Septemba kwenye mifereji yetu mingi. Mpunga umeshavunwa, mashina yamekauka, lakini mfereji bado unapeleka maji. Yanatapakaa kwenye majaruba matupu, yanaotesha magugu, yanazama kwenye nyufa za udongo. Mtu wa mbali ataona ni uzembe. Fuata mfereji huo mpaka mwisho wake, utamkuta mama na ndoo, watoto na madumu, wafyatua matofali wachache pembeni, bustani ya nyanya. Kijiji kizima kinakunywa hapo. Ili ndoo ya yule mama ijae, mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa lazima uloweshwe mchana na usiku. Tunautoa mto mzima kwa ajili ya ndoo.

Ndiyo maana amri za kufunga mabanio hazidumu. Afisa akija, banio linafungwa. Akiondoka, linafunguliwa usiku, na mimi simlaumu anayelifungua ikiwa mkewe hana pengine pa kuteka. Kwa hiyo naiomba RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na Halmashauri yetu zianze na vijiji vya mkiani mwa mifereji: visima virefu vyenye pampu, au bomba, pamoja na birika za kunyweshea mifugo. Baada ya hapo Bodi ya Maji Bonde la Rufiji itakuwa na haki mbele ya kila mtu kusema banio lifungwe mavuno yakiisha, na vyama vyetu vya umwagiliaji vitakosa kisingizio. Kuna pia suala la vitalu vya mapema, vinavyooteshwa Oktoba ili mpunga uwahi bei nzuri. Hilo tulimalize wenyewe kwenye vikao vyetu, kwa tarehe moja ya kuanza inayomhusu mwenye ekari 1 na mwenye ekari 100.

Najua nitajibiwa: wewe unatetea ndege, na kwelea kwelea wanatumaliza? Wanatumaliza kweli, nami hulala shambani nikiamia kama wengine. Lakini kwelea kwelea ni wa nyasi na nafaka. Kuikausha Ihefu si dawa yake. Ninachoogopa ni sumu inayonyunyiziwa kwa eropleni penye matete wanapolala, kwa sababu haichagui. Bundi na mwewe wanaowala kwelea kwelea wenye sumu hufa nao, na hao ndio wawindaji wa panya wetu. Kondoa huwanasa kwelea kwelea kwa nyavu na kuwafanya kitoweo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ituletee wataalamu watufundishe kutega huku pia, na pale ambapo sumu haikwepeki, isinyunyiziwe kando ya maji, na vijiji vitangaziwe mapema ili watoto wasiende kuokota mizoga wakaila.

Msimu ujao wa vikao vya bajeti ya wilaya, ningependa kuona kifungu cha visima vya mkiani mwa mifereji kimeandikwa, kikiwa na majina ya vijiji na kiasi cha fedha. Madiwani wetu wa Mbarali wakisome hadharani, nasi tukifuatilie.

Mkulima wa mpunga,
Rujewa, Mbarali, Mbeya