Wapolandi hawakuurudisha ukomunisti

Mhariri, nimesoma makala yenu kuhusu Ulaya Mashariki, mwandishi anasema eti wananchi wa kule waliichoka demokrasia mapema tu na ushahidi wake ni kwamba Polandi iliwarudisha wakomunisti madarakani mwaka 1993. Naomba nafasi nimjibu maana kauli hii inarudiwa kila mara na inawaonea sana wale watu.

Juni 1989 Solidarność, vuguvugu la wafanyakazi lililoupinga utawala wa kikomunisti, ilizoa viti 99 kati ya 100 vya seneti, na bungeni ikachukua vyote 161 ambavyo wapinzani waliruhusiwa kugombea, vingine chama tawala cha kikomunisti na washirika wake walishajitengea. Halafu Januari 1990 yakaja mageuzi ya waziri wa fedha Leszek Balcerowicz, ruzuku zikakatwa, bei zikaachiwa, viwanda vya serikali vikaanza kufa, na ilipofika mwisho wa 1993 ukosefu wa ajira umepita asilimia 16, kwenye nchi ambayo kabla ya hapo takwimu za serikali zilikuwa hazitaji kabisa mtu asiye na kazi! Sasa mama wa kiwanda cha nguo pale Łódź aliyeachishwa kazi, mlitaka apige kura ya kushukuru? Aliwaadhibu waliomtawala kwa kura, na ndicho walichokipigania 1989.

Tena angalieni hesabu yenyewe ya uchaguzi wa 1993. SLD, warithi wa chama cha zamani, walipata kama asilimia 20 tu ya kura, PSL cha wakulima kama 15. Jumla haifiki hata 36 lakini wakaondoka na viti 303 kati ya 460. Sheria mpya ilitaka chama kipate angalau asilimia 5 ndio kiingie bungeni, na wale wa upande wa Solidarność walishagawanyika vipande vipande, kila kiongozi na chama chake, vingi vikakwama na karibu theluthi ya kura za nchi nzima zikapotea bure. Kusema hayo ndiyo maoni ya umma si sahihi hata kidogo. Na hao waliorudi hawakurudisha chochote cha zamani, Aleksander Kwaśniewski wa SLD alimshinda Rais Lech Wałęsa, aliyekuwa kiongozi wa Solidarność, 1995 na ni yeye aliyekuwa rais nchi ilipoingia NATO 1999 na Umoja wa Ulaya 2004.

Kama mwandishi anataka mahali ambapo maoni ya wananchi yalipuuzwa kweli, aende Chekoslovakia. Mwaka 1992 tafiti za maoni zilionesha wengi, Wacheki kwa Waslovakia, hawataki nchi igawanywe, lakini Václav Klaus, waziri mkuu wa upande wa Wacheki, na Vladimír Mečiar wa upande wa Waslovakia wakakubaliana wao na Januari 1, 1993 nchi ikawa mbili, hakuna kura ya maoni iliyoitishwa, mpaka leo linaniuma hili. Waslovakia wakabaki na Mečiar na ubabe wake, hadi 1998 walipojitokeza asilimia 84 ya wapiga kura, na safari hii vyama vya upinzani vikaungana kuunda serikali, akatoka.

Polandi nayo Oktoba 2023 waliojitokeza kupiga kura walifika asilimia 74, zaidi hata ya ile 1989 ambayo ilikuwa kama 62. Namuomba mwandishi akirudi kwenye mada hii aanze na hizo namba, halafu atueleze ni nani hasa aliyechoka.

Msomaji wenu