Kabla ya kubomoa ukuta wa maktaba, toeni kwanza vitabu vilivyokufa

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nisemee huu ukarabati wa maktaba ya mkoa wetu, maana mtaani sasa hivi kila mtu anaongelea tailizi na jipsam na ukumbi wa mikutano utakaoongezwa kwa nyuma, ila sijamsikia hata mmoja anayeuliza msomaji atakaa wapi.

Mimi pale ni mtu wa siku nyingi, nimepiga msuli pale wakati naresiti na sasa napeleka wanangu, na ninachokiona ni kwamba jengo sio dogo kihivyo kama tunavyoambiwa. Nafasi ipo ila imekaliwa. Ingia ukumbi mkubwa uone mashelfu yalivyopangwa mpaka yameziba madirisha, kuna vitabu vya kompyuta vinavyofundisha Windows 95, ramani ambazo Sudan bado ni nchi moja, vitabu vya kiada vya mitaala iliyokwishapita miwili mitatu na huu mpya ulioanza 2024 ndo umevimalizia kabisa, vumbi lake ukigusa unapiga chafya mpaka jioni. Wakati huohuo vijana wa kidato cha sita wamekaa kwenye ngazi, wengine nje chini ya mwembe, daftari juu ya paja. Nyumba ikijaa nguo mbovu hukimbilii kununua kabati la pili, unatoa kwanza zile mbovu.

Halafu tuambizane ukweli, siku hizi wengi wanaokuja maktaba hawaji kuazima kitabu, wanakuja na madesa yao, pasti pepa zao, na simu yenye vitabu vya Taasisi ya Elimu ambavyo vipo kwenye maktaba mtandao. Wanachotafuta ni kiti, meza, mwanga, feni, soketi ya kuchaji na utulivu ambao nyumbani kwenye vyumba viwili na watoto watano haupo. Kuna watu wanawadharau eti hawasomi vitabu vya maktaba, mi naona wanaitumia maktaba kuliko hata sisi tunaolalamika. Sasa ramani ya ukarabati ingeanza na hao. Mtu akae mlangoni wiki mbili tu na karatasi, aandike nani kaingia, saa ngapi, kakaa wapi, shelfu gani imeguswa na ipi haikuguswa kabisa. Hiyo haihitaji tenda wala mshauri mwelekezi kutoka Dar.

Najua kutoa vitabu sio jambo jepesi. Kile kitabu kina muhuri na namba, ni mali ya serikali, na mkutubi akikitupa hovyo mkaguzi atamuuliza kiko wapi, kwa hiyo anaona bora kibaki tu kizeekee pale. Simlaumu kwa kweli. Ila kufuta mali chakavu kwenye daftari kuna utaratibu wake na vibali vyake, vinachukua muda, ndo maana nasema makaratasi hayo yaanze leo na sio siku mkandarasi ameshamwaga mchanga getini. Na kutoa sio kuchoma kila cha zamani! Magazeti ya Uhuru na Nationalist ya miaka ya sitini kama yapo, na chochote kilichoandikwa kuhusu mkoa wetu na watu wake, hivyo vifungiwe vizuri kwenye maboksi mbali na jua na mchwa. Lakini kitabu ambacho hakijaazimwa miaka kumi, kimechanika, au toleo jipya lake lipo pembeni yake, kinasubiri nini? Kisheria Maktaba Kuu pale Dar, ile aliyoifungua Mwalimu Disemba 1967, ndo inapokea nakala za vinavyochapishwa nchini. Maktaba ya mkoa haina haja ya kujifanya ghala la taifa.

Kuna hili nalo nimelisikia, kwamba mashelfu yatapandishwa ghorofani zilipo ofisi ili chini papatikane ukumbi. Jamani, karatasi ni nzito. Mahesabu ya mainjinia, sakafu ya kubeba mashelfu ya vitabu inatakiwa ihimili kama kilo 700 na ushee kwa kila mita moja ya mraba, wakati ofisi ya kawaida inajengewa kilo 250 hivi. Sakafu iliyojengwa kwa meza za makarani msiitwishe mzigo wa karibu mara tatu halafu mje kuunda tume. Na bibi mwenye fimbo au kijana wa kiti cha magurudumu atapandaje huko juu? Chini hapohapo njia kati ya shelfu na shelfu ikiachwa sentimita 90 au zaidi kiti chake kinapita.

Mi ningewaomba wageuze tu mpangilio. Huku kwetu jua kali linaingia mashariki na magharibi, madirisha ya kaskazini na kusini mwanga wake ni wa upole mchana kutwa, basi huko ndo wapewe wasomaji, mashelfu yarudi katikati na yageuzwe mbavu zielekee dirishani ili mwanga upite katikati yake (jua lenyewe likikipiga kitabu kila siku jalada linapauka na gundi inaachia). Watoto wapewe kona karibu na mlango, shelfu fupi na mkeka, wapige kelele zao kule wasiwasumbue wenye mitihani. Meza ziwe nyepesi za kukunja na shelfu za katikati zifungwe magurudumu, Jumapili mnasukuma pembeni mnapata ukumbi wenu wa semina na hela ya kukodisha mnaipata, maana najua hela ndo inawasukuma na sioni ubaya.

Wale wenzetu wa Book Bunk Nairobi waliopewa kazi ya kufufua maktaba za kaunti, lile jengo kubwa la McMillan la 1931 ndo lenye jina, ila walianza kukarabati yale matawi madogo ya mitaani, Kaloleni na Makadara. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa 2018, yenye uwezo wa kubeba vitabu 800,000, ni nzuri sana na nimeiona, lakini sisi hatuhitaji ya namna hiyo, tunahitaji viti hamsini zaidi na soketi.

La mwisho ni ratiba. Nasikia mafundi wataingia Septemba na jengo lote lifungwe, na kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba! Sogezeni mpaka Disemba wakishamaliza, mfanye upande mmoja baada ya mwingine ili nusu iwe inafanya kazi, na kidato cha sita wa Mei nao wakute pa kukaa. Na ile ramani ibandikwe ubao wa matangazo pale mlangoni sasa hivi, na kalamu iachwe hapo chini yake.

Msomaji wako na mzazi wa watoto watatu