Karafuu kwenye makali ya upanga

Mwanangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, hofu yangu ni kwenu. Meli imefunga gati Mizushima, huku Japani, tukapewa siku moja ya kushuka, nami nimeitumia yote kwa agizo lako la upanga wa samurai.

Nilianzia ngome ya Okayama. Kuta zake ni nyeusi, ndiyo maana wenyewe huiita Ngome ya Kunguru. Bwana wa eneo hilo, Ukita Hideie, aliimaliza mwaka 1597. Lakini usije ukatamba shuleni kuwa baba kaingia ngome ya miaka mia nne! Ile ya asili iliungua kwa mabomu ya Wamarekani tarehe 29 Juni 1945. Hii ni ya zege, ya mwaka 1966, na ndani mna lifti. Majengo ya kale yaliyobaki ni minara miwili midogo.

Nikapanda treni hadi Osafune, kwa wahunzi. Karibu nusu ya panga ambazo Japani imezitangaza kuwa hazina ya taifa zilifuliwa pande hizi, ambazo zamani ziliitwa Bizen. Mto Yoshii uliwapa riziki, na mwishoni mwa karne ya 16 mto huohuo ukafurika ukakisomba kijiji.

Feleji yao huyeyushwa kwa mchanga wa chuma na makaa, siku tatu usiku na mchana. Mhunzi huifua, akaikunja, akaifua tena. Kisha huupaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, akauchoma na kuuzamisha majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu, mgongo hukawia, na upanga hujipinda wenyewe. Mimi nilidhani wanaupinda kwa nyundo.

Palipokutana makali na mgongo hubaki mstari mweupe kama ukungu. Wa Bizen una vichwa vya mviringo na shingo nyembamba, vimesongamana. Mzee wa pale akasema, "Choji." Sikuelewa. Akanionyesha picha kwenye simu: karafuu! Hamadi, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe hata mafuta ya kuzuia kutu ni ya karafuu. Nilipoyanusa nikajiona niko jamvini kwetu, nachambua makonyo.

Ila usiseme tumewauzia sisi. Panga zile bora ni za karne ya 13, na Pemba wakati huo haikuwa na mkarafuu hata mmoja. Karafuu asili yake visiwa vya Maluku.

Upanga wao mkubwa, Sanchomo, uliowahi kuwa wa Uesugi Kenshin, jemadari wa zamani, sikuuona. Hutolewa kwa nadra. Mwaka 2020 mji mdogo wa Setouchi uliununua kwa yeni milioni 500, watu wakichanga. Nimeridhika na picha.

Upanga sikuletei, sina pesa hiyo wala kibali. Nimenunua kichupa cha mafuta yale. Jambia la marehemu babu yako lililomo sandukuni, lile ulilotaka kulisugua kwa msasa, usiliguse mpaka nirudi. Tutaanza kwa kitambaa laini, mimi na wewe, pale barazani.

Mwambie mama yako fedha nimeshatuma.

Baba yako